Zilizonyooshwa: Sifuri

Kwa miaka tisa, fundi ambaye wenzake kazini walimbandika jina la Bwana Taratibu alikuwa akiweka kwa mkono, kwenye seva za kampuni, kompyuta moja baada ya nyingine, programu ndogo inayopiga kelele seva inapoanza kuugua. Seva zilikuwa zimefika mia mbili na kumi na nne. Kila moja ilimlia nusu saa.

Jumatatu mhandisi mpya alimwita. "Kaka, nimeandika mara moja tu jinsi seva inavyotakiwa kuwa. Mtambo wangu utasoma hayo na kupita zote. Iliyo sawa utaiacha, iliyo kombo utainyoosha na kuitaja."

Bwana Taratibu alimwona meneja wao naye akisogea kutazama. Makosa yake ya miaka tisa yangeanikwa kwenye skrini, mbele ya meneja.

Mhandisi akabonyeza. Majina ya seva yakamiminika kama mvua ya mawe. Dakika nne zikatosha kukagua miaka tisa, na mtambo haukuomba hata chai. Ndipo hesabu ikatokea: zilizonyooshwa, sifuri.

Mhandisi alisahau mtambo wake, akamkodolea macho fundi. "Kaka, wewe ni mtu kweli?"

"Kila moja nilikuwa naikagua mara mbili," alijibu kwa aibu. "Msije mkanicheka."