Bunduki Inayosubiri Bismillahi

Watu wakiniuliza bunduki nzuri ya kuwindia mnyama mkubwa ni ipi, kwanza nawatazama mabega. Kisha nawauliza: wewe ukishtuka, kinachokutoka mdomoni ni nini? Wengi hucheka. Mimi sicheki, maana kwa jibu la swali hilo nusura wageni wa nikaha ya binti yangu wale wali mkavu.

Ilikuwa mwaka 2017. Karakana yangu ipo Doornfontein, chini ya ghorofa la wanafunzi, nashona viti. Makochi, viti vya mikahawa, viti vya magari, leta chochote chenye mgongo na makalio nitakivisha. Kusoma sikusoma. Darasa la nne nililiacha Tanga nikashika sindano na nyundo, na kwa sindano hiyo nimelea watoto wanne katika mji huu. Mmoja anafanya kazi benki kule Sandton. Ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza, ukimkasirikia anakujibu Kizulu. Huyo ndiye aliyeposwa.

Kijana mwenyewe sina neno naye. Neno lilikuwa kwa baba yake, Mzanzibari mwenye duka la mazulia Randburg. Mzee mwembamba, kanzu imenyooka kama imemwagwa saruji, na kwenye mkunjo wa sikio lake la kulia daima amechomeka kipamba cha itri. Ukikaa naye dakika tano, unarudi nyumbani unanukia yeye. Dini anaijua, sikatai. Lakini anaijua kwa namna ya kukufanya uangalie kama umefunga vifungo vyako.

Siku ya kupanga mambo ya nikaha, sebuleni kwangu, mbele ya wazee wa pande zote mbili, akaniuliza kwa ule upole wake wa kuudhi:

"Nyama mtachukua bucha gani, mkwe? Maana siku hizi kila bucha limeandika halali mlangoni."

Ningeweza kumtajia bucha, mambo yakaisha. Lakini wakati anauliza, kidole chake kilikuwa kinapapasa mshono wa kochi langu, kama mtu anayetafuta kosa. Mshono wangu! Nikasema:

"Nyama ya binti yangu haitoki bucha. Naipiga mwenyewe porini. Tandala dume."

Kule jikoni nikasikia mwiko umeanguka.

"Utampiga kwa bunduki?" akauliza.

"Ulitaka nimpige kwa kombeo?"

Wazee wakacheka. Yeye hakucheka. "Basi sikiliza, mkwe. Mnyama wa bunduki akifa kabla kisu hakijamfikia, kinachomhalalisha ni jina la Mungu alilotaja mpigaji pale anapofyatua. Asipolitaja, kwangu mimi na watu wangu huyo ni mzoga. Nitakuja nawe. Nisikie mwenyewe. Nisiposikia, upande wetu utakula wali mtupu, na hatutakasirika."

Hatutakasirika! Watu sitini waje kwangu, waniachie nyama kwenye sahani, na wasikasirike. Afadhali wangenitukana.

Wageni walipoondoka mke wangu akatoka jikoni, mikono kiunoni.

"Mzee, mara ya mwisho kushika bunduki ilikuwa lini?"

"Mgambo."

"Mgambo ya mwaka gani?"

"Wewe umeniuliza bunduki au umeniuliza miaka?"

Binti akadakia bila kuinua macho kwenye simu: "Eish, Baba. Kuku wapo."

Kusema kweli, mgambo nilifyatua risasi tatu, na moja tuliitafuta mpaka jioni. Lakini tandala sikumtoa hewani. Nilikuwa na mteja, kaburu mmoja mwenye shamba la wanyama kaskazini, saa nne kwa gari. Nilimshonea viti vyote vya nyumba yake ya wageni, ngozi safi, hakuna hata kimoja kilichorudi. Alikuwa ameniambia zamani: siku ukioza mtoto, njoo uchukue tandala, zawadi yangu. Wao wanamwita kudu. Na alinieleza sheria: kununua bunduki bila leseni haiwezekani, na leseni yenyewe si ya kungoja wiki moja, ni miezi. Lakini shambani kwake, yeye mwenyewe akiwa amesimama ubavuni, anaweza kukuazima.

Tukaenda mwezi wa saba, baridi inakata masikio. Mkwe aliingia kwenye pikapu yangu na kanzu, koti, kisu chake kwenye ala, na kipamba chake. Saa nne nzima nimefungua dirisha kwa ajili ya ile harufu, natetemeka, na yeye ananiuliza kwa nini nafungua dirisha.

Tulifika mchana. Kaburu alitupokea vizuri, akavuta pumzi mara mbili, akamtazama mkwe. Akasema kwa Kiingereza, tena kwa heshima, kwamba tandala ana pua, na kwa harufu ile kesho tutawinda miti tu. Mkwe alikwenda kunawa na sabuni ya kufulia. Alirudi na pamba nyingine sikioni, kavu. "Mazoea," akaniambia, ingawa sikuwa nimeuliza.

Juu ya meza ya nje, kwenye blanketi, kaburu alikuwa ametandaza bunduki tatu. Ya kwanza kubwa, mtutu mnene. Ya pili mpya, nyeusi, ina darubini ndefu juu yake. Ya tatu fupi, ya zamani, kazi ya Wajerumani, mbao imekolea rangi ya chai, na kwenye kitako imevishwa kimto cha ngozi.

"Chagua," akasema. "Bunduki mbaya hapa hamna. Kuna ile ya kwako na zile zisizo za kwako."

Mimi nikaifuata kubwa moja kwa moja. Kwa nini? Kwa sababu mkwe alikuwa anatazama. Mtu anayechagua bunduki huku anatazamwa ni sawa na mtu anayenunua viatu huku anatazamwa, atatoka na vidogo au vikubwa, vya kwake atavisahau dukani.

"Hiyo ni ya nyati," kaburu akasema.

"Na tandala si atakufa vizuri zaidi?"

Hakubishana. Akaniwekea fimbo tatu zilizofungwa pamoja nipumzishie mtutu, akasimamisha ubao mbali kidogo, akanipa vya kuziba masikio. Akampa na mkwe. Mkwe akavikataa. "Mimi kazi yangu ni kusikia," akasema, akasimama nyuma ya bega langu kama msimamizi wa mtihani.

Nikavuta.

Sijui niseme nini kuhusu ile bunduki. Fikiria umeegemea ukuta, na ukuta umeamua kwenda zake. Nilirudi hatua tatu. Ubao ulikuwa mzima kabisa. Na mdomoni mwangu, mbele ya shahidi, mbele ya kaburu na mbwa wake wawili, lilikuwa limetoka neno moja tu, kwa sauti ya mtoto: "Mama wee!"

Mkwe alikuwa ameshika masikio yake yote mawili, macho yamejaa machozi. Lakini kusikia alisikia.

"Mkwe," akasema, "hiyo nyama tungekuwa tumeichinja kwa jina la mama yako."

"Nilikuwa naijaribu tu."

"Mama yako marehemu Mungu amrehemu, lakini hatoshi."

Nikashika ya pili, ile ya darubini. Safari hii nilijipanga, nikaanza mapema. "Bismi..." Darubini ikanirukia ikanipiga juu ya jicho, damu ikachuruzika mpaka kwenye ndevu. Ubao ulipata tundu pembeni kabisa.

"Nusu," mkwe akasema.

"Nusu si kitu?"

"Nusu ya Bismillahi? Hebu niambie wewe, nusu ya mshono unaikabidhi kwa mteja?"

Hapo alinipata. Nikakaa kwenye ngazi na kitambaa kwenye nyusi, bega linawaka. Mke wa kaburu, mama mnene wa miaka yangu, alikuwa amekaa kibarazani na kikombe cha kahawa tangu mwanzo. Akasema neno kwa Kiafrikana, mumewe akacheka, akanitafsiria: hiyo ya tatu ni yake yeye, ya baba yake kabla yake. Risasi yake milimita saba tu. Kwa bunduki hiyo yule mama ameangusha tandala wengi kuliko mumewe.

"Bunduki ya mwanamke," nikamwambia mkwe kwa Kiswahili.

"Binti yako ni mwanamke," akajibu. "Na pilau ni yake."

Nikaichukua, shingo upande. Kitu cha kwanza nilichokagua ni kile kimto cha kitako, maana kazi ni kazi. Ngozi nzuri, mshono mbovu, mtu alitumia uzi wa viatu. Lakini nilipoweka kitako begani, pale penye maumivu, hapakulia. Nikashusha pumzi. Nikasema yote, polepole, Bismillahi, Allahu Akbar, mpaka mwisho, na bunduki ikaningoja. Ndiyo, ikaningoja. Ikanisukuma tu kama mtu anayekuomba njia kistaarabu. Tundu katikati ya ubao. Nikarudia mara nne. Mara nne nzima, na matundu matano ya katikati unaweza kuyafunika kwa kisahani cha kikombe.

Mkwe hakusema hongera. Aliitikia kwa kichwa, huku akijipapasa masikio. Usiku kucha, akaniambia baadaye, yalimlia kama jagi la umeme linalochemka.

Asubuhi tulitembea kaburu mbele, mimi nyuma yake, mkwe nyuma yangu amepandisha kanzu. Jua halijashika vizuri tukawaona: tandala watatu, na dume mwenye pembe za kuzunguka kama zimesokotwa, kasimama ubavu. Kaburu akasimamisha fimbo. Nikaweka bunduki. Nikakumbuka kwamba shahidi yupo nyuma na lazima asikie, nikavuta pumzi, nikaisema Bismillahi kwa sauti ya mwadhini wa msikiti mkubwa.

Tandala waliondoka. Hawakukimbia, waliondoka, kama umeme uliokatika.

Kaburu akageuka. "Unampiga au unamwita?"

Na mkwe kwa hasira: "Polepole, mkwe! Mungu anasikia hata ya moyoni!"

"Mungu anasikia. Wewe je? Si ulisema usikie?"

"Nitasogea karibu. Nong'ona."

Tulizunguka kilima saa mbili nyingine. Magoti yangu yalinikumbusha kila mwaka niliokataa kumtajia mke wangu. Kisha tukampata tena yule dume, peke yake, anakula majani, hana habari. Fimbo. Kitako begani. Mkwe amenisogelea mpaka pumzi yake ipo shingoni mwangu. Nikanong'ona, neno kwa neno, hakuna lililokatika. Bunduki ikaningoja. Nikavuta.

Tandala alipiga hatua nne, akakaa chini, akalala.

Nikageuka, moyo unanipasuka kwa furaha. "Umesikia?"

"Eh?" akasema mkwe.

"Nimesema, umesikia?"

Ndipo akainua mikono, akachomoa pamba. Si kwenye mkunjo wa sikio. Ndani ya tundu. Kulia na kushoto. Mlio wa jana ulikuwa umemtisha, akajiziba bila kufikiri wakati mimi namlenga tandala. Akaziangalia kwenye kiganja chake, kisha akaniangalia mimi.

Halafu akakimbia. Kanzu mkononi, kisu nje, anakimbilia tandala kama kijana wa miaka ishirini, maana kama angemkuta anapumua, angemchinja na mashaka yangeisha. Nilimfuata nikichechemea. Nilimkuta amepiga magoti, mkono juu ya ubavu wa mnyama. Hapakuwa na pumzi. Risasi ya yule mama ilikuwa imefanya kazi yake.

"Umesema?" akaniuliza bila kuinua kichwa.

"Nimesema."

"Yote?"

"Yote."

Ningeweza kumcheka. Nilikuwa nimejaa vicheko mpaka kooni. Lakini niliona uso wake, nikaelewa kwamba sasa watu sitini wameniegemea mimi, na mimi sina wa kumwegemea isipokuwa huyu mzee ninayemkebehi, na neno langu tu. Mkwe akakifuta kisu kwenye majani, kisu ambacho hakikuwa na kitu, akakirudisha kwenye ala.

Siku ya nikaha, sinia zilipotoka, nikaona watu wa upande wake wanamtazama yeye, mikono magotini. Mmoja akauliza wazi: "Mzee, hii nyama vipi?"

"Mimi nilikuwepo," mkwe akasema.

Hakusema alisikia. Alisema alikuwepo. Akakunja mkono wa kanzu, akachukua pande kubwa, akala wa kwanza. Na sinia zile, mke wangu anasema, zilirudi jikoni hazihitaji kuoshwa.

Wiki iliyofuata nilimwomba kaburu aniletee kile kimto cha kitako, nikakishona upya, uzi wa nta, ngozi laini ndani. Yule mama alituma salamu kwamba sasa mumewe anaiazima ile bunduki kila siku na hataki kuirudisha.

Mwaka mmoja baadaye mkwe akanipigia simu. Mwanawe wa pili anaoa. Akazunguka sana, akaniuliza magoti, akaniuliza mvua, mwisho akasema: "Mkwe, ile bunduki ya yule mama. Unadhani wataniazima na mimi?"

"Watakuazima," nikamwambia. "Lakini nitakuja nawe. Nisikie mwenyewe."