Mashine ya usajili imekataa vidole vyangu

Jamani, leo mashine imenikataa vidole vyote kumi!

Shambani kwetu hapa Tukuyu zinakuja mashine za kuchuma chai. Atakayebaki kazini ni mwenye mafunzo ya kompyuta, na kujiandikisha mafunzo hayo ni kwa alama za vidole.

Sasa mimi, mchuma chai wa miaka ishirini, ningeenda na vidole vyeusi kwa utomvu wa chai?

Jana nikavisugua kwa ndimu na majivu, kama tunavyofanya wachumaji wote kabla ya kanisa. Vikatakata kweli.

Leo dada wa usajili akanibonyeza kidole kwenye mashine, akafuta kioo chake, akabonyeza tena.

"Mama, mbona vidole vyako havina alama?"

Nikampa na vile tisa vingine, vyote vikakataliwa.

"Rudi zikiota. Ila mwisho Ijumaa."

Naombeni jibu, alama za vidole huota kwa siku ngapi?

Leo Jumatano.