Karani Aliyemkatalia Bosi Kompyuta

Juzi nilikwenda ofisi moja hapa Songea kuandikishwa kupata mbolea ya ruzuku. Karani, binti mwembamba, alikuwa akiingiza majina yetu kwenye kompyuta. Bosi wake akatokea.

"Dada, nishushie nyimbo kwenye intaneti, niziweke kwenye simu yangu."

"Hairuhusiwi, mzee. Tangazo umelisaini mwenyewe, lile pale ukutani."

"Lile ni la wafanyakazi."

"Kwani wewe unafanya nini hapa, mzee?"

Foleni nzima tukacheka. Bosi hakucheka. "Kazi yako unaitaka au huitaki?"

Binti akainuka, akamsogezea kiti kwa mikono miwili. "Basi kaa ushushe mwenyewe. Msimu uliopita mtu alishusha mchezo, ukaja na virusi, majina ya watu wa Lusewa yakafutika. Walipanda mahindi bila mbolea. Haya nayo yakifutika, utamweleza bibi huyu."

Akaninyooshea kidole mimi. Nikamkazia bosi macho, wala sikupepesa.

Bosi akasema hata hivyo simu za siku hizi ni mbovu, akatoka.

Mimi shule niliishia darasa la pili, na kompyuta siijui. Ila zamu yangu ilipofika, nusura nimwamkie yule binti shikamoo.