Dua ya Kukauka

Jumanne ile, saa nne asubuhi, mke wangu alitolewa mrija. Alikuwa amekatwa titi kwa sababu ya saratani, na maji ya kidonda yalikuwa yakiingia kwenye chupa ndogo ubavuni. Mrija ungetoka tu yakipungua.

Kabla ya hapo, kwenye foleni ya kliniki, mama muuza maziwa ya ngamia aliinua ile chupa, akaipima kwa jicho kama ya maziwa, akasikitika.

“Pole, dada. Leo umetoa kidogo. Kunywa chai, kesho itajaa.”

“Isijae, mama! Nimengoja wiki mbili nikauke.”

“Kumbe! Basi ukauke, inshallah.” Akafungua viganja, na foleni nzima ikaitikia, “Amina!” Mke wangu akajizuia kucheka, kidonda kisimuume.

Sisi watu wa Isiolo, tunaoomba mvua kila mwaka, siku hiyo tuliomba ukame, na Mungu akatusikia.

Baadaye saratani ilirudi, ikamchukua. Ee Bwana, mpumzishe mke wangu, na umwache acheke kwa sauti.