Demi wa Kadutu

Camille Mugaruka alipoanza kusakata kabumbu pale Kadutu, mji ulikuwa ndiyo kwanza unazoea kuitwa Bukavu, maana wazungu walikuwa wameupa jina refu la mwenzao ambalo nyanya yake Camille hakuwahi kulitamka mpaka mwisho. Mchana alikuwa mwashi, anajenga nyumba mpya za Bagira. Jioni alinawa saruji mikononi, akateremka mbio kwenda uwanjani.

Kwanza walimpanga winga ya kushoto. Huko pembeni alisumbua kila mtu. Mpira ukichelewa kumfikia aliufuata mwenyewe hadi katikati, akaunyang'anya hata kwa mwenzake, huku akipiga kelele na kuwapanga watu kama vile uwanja ameujenga yeye. Moniteri Xavier, mwalimu wa shule aliyekuwa pia mwalimu wa timu, alivumilia msimu mzima, kisha akachoka.

"Pembeni umekataa kukaa," alimwambia. "Basi bakia hapo katikati. Toka leo uko demi."

Demi ni neno la Kifaransa, na maana yake ni nusu. Kwa nini mtu anayekimbia kuliko wote uwanjani aitwe nusu, waulizwe wenyewe waliolileta, mimi simo. Ninachojua ni kwamba haukupita muda jina la Camille likafa kabisa, likabaki Demi. Akipita sokoni akina mama walimwita kutoka kwenye mafungu ya maharage, wakiulizia mechi ya Jumapili: "Demi, dimanshe mutashinda?" Naye alivimba kichwa, tusimfichie.

Neno hilohilo ndilo lililotaka kumkosesha mke.

Mke mwenyewe, yaani yule ambaye Camille alitaka awe mke, alikuwa Emérence, mshonaji katika nyumba ya masista. Camille alimpelekea jezi iliyochanika ubavuni. Emérence aliigeuza huku na huku, akauliza: "Ulicheza na watu ao ulicheza na imbwa?" Camille alicheka, na tangu siku hiyo jezi zake zilianza kuchanika mara nyingi mno kwa mtu mzima.

Mambo yalipoiva, akamtuma baba yake mdogo, Philémon, kwenda Cimpunda kwa baba wa binti, Muzee Ntaboba, na mtungi wa kasiksi, pombe ya ndizi, kama desturi inavyotaka. Sasa huyu Muzee Ntaboba ujana wake wote aliumalizia katika mashamba ya kinkina, ile miti ya dawa ya malaria, kule juu kwenye baridi. Huko, mtu akichelewa asubuhi, karani alipaza sauti mbele ya wote: "Demi!" Siku ile ikahesabiwa nusu, saa sita anarudishwa kambini, na mwisho wa juma posho yake ya unga na chumvi inapimwa nusu. Aliyeitwa demi kila mara alikuwa mvivu anayejulikana mpaka na mbuzi wa kambi. Muzee hakuwahi kuitwa hivyo hata siku moja, na jambo hilo alilihesabu kuwa utajiri wake.

Philémon, maskini, alikwenda kusifu.

"Mutoto wetu iko demi," alisema, kifua mbele. "Bukavu muzima inamujua. Akipita, wote wanaita: Demi!"

Muzee Ntaboba aliweka kibuyu chini. "Na hamusikie haya?"

"Haya ya nini, papa? Iko demi siku zote!"

"Siku zote?"

"Miaka yote hii hajakosa hata moja!"

Muzee alisimama. "Binti yangu hapana kuolewa na demi. Chukua pombe yako."

Philémon alirudi na mtungi kichwani, na akili yake ikampa maana aliyoiweza: mzee anauchukia mpira. "Acha mupira," alimwambia Camille, "na utapata muke. Ukishika mupira, umukose."

Camille hakula siku ile. Alimpenda Emérence, na mpira aliupenda, na hakuwahi kudhani kwamba vitu hivyo viwili vinaweza kugombana. Alizunguka na huzuni yake Bagira nzima, akajenga ukuta ukapinda, msimamizi akamfanya aubomoe. Mwishowe alikata shauri. Dimanshe watacheza na timu ya Uvira, na baada ya hapo atatundika viatu.

"Umevunjika?" Xavier aliuliza alipoambiwa.

"Ninaoa, moniteri."

"Watu wanaoa na wanacheza."

"Si kwa Muzee Ntaboba."

Siku yenyewe uwanja ulijaa mpaka kwenye mteremko. Camille alipoinua macho alitaka kuzimia. Pale kando ya mstari alikaa Muzee Ntaboba mwenyewe, koti jeusi, kofia, fimbo katikati ya magoti. Pembeni yake alikuwa dada yake, shangazi Séraphine, mama mnene ambaye akisema neno katika ukoo ule, limesemwa. Camille aliona kwamba mzee amekuja kushuhudia uovu wake kwa macho. Akaona heri uwe uovu wa kuonekana. Alikimbia, akakaba, akagawa mpira kushoto na kulia. Uvira wakafunga, Kadutu wakarudisha.

Ilipolia filimbi ya pause, yaani mapumziko, mzee alisimama, akamnyooshea Camille fimbo, akamwambia dada yake neno. Anaondoka, Camille alijisemea.

Lakini waliporudi uwanjani, mzee alikuwa bado pale. Hakukaa tena. Alipunga fimbo kumwelekea yeye, akisema kwa sauti, na watu waliomzunguka walicheka wakishika mbavu. Camille aliona anatukanwa mbele ya mji mzima. Machozi yalimkaribia, akayageuza kuwa hasira, na hasira akaipeleka miguuni. Akagongwa goti vibaya. Zamani zile hapakuwa na kubadilisha mchezaji, ukitoka umetoka, na wenzako wanabaki pungufu. Alifunga goti kwa kitambaa, akaendelea akichechemea, na ni yeye aliyempenyezea mshambuliaji mpira uliowamaliza Uvira.

Watu hawajamaliza kuruka, Muzee Ntaboba ameshaingia uwanjani.

"We, Demi! Nani alikutuma kurudia?"

"Kurudia wapi, papa?"

"Nyuma ya pause! Demi anaendaka nyumbani saa sita! Mi nimesimama nikuone unaenda, na wewe unarudia!"

Shangazi Séraphine alicheka mpaka akashikilia kitenge kisimwanguke. Xavier ndiye aliyekuwa wa kwanza kuelewa. "Papa, hapa demi si nusu ya siku. Ni mutu wa katikati. Anasaidia wa nyuma, anasaidia wa mbele."

Mzee alilitafuna jambo hilo taratibu. "Anafanya kazi ya wale, na ya wale?"

"Ndiyo, papa."

"Na hatoke mbele ya filimbi ya mwisho? Hata na goti ile?"

"Hata na goti ile."

Muzee Ntaboba alimtazama Camille kuanzia kitambaa cha goti mpaka nywele zilizojaa vumbi. "Ambia Philémon arudie," alisema. "Na alete pombe ya kweli. Ile ingine ilikuwa maji."

Camille alikaa chini palepale. Alipumua kama mtu aliyetuliwa mfuko wa saruji mgongoni, akacheka na kulia vyote pamoja, na hakumjali aliyemtazama.

Wakaoana. Alicheza misimu mingine, wakapata watoto, na mkwe wake hakukosa mechi hata mvua inyeshe. Mwaka wa hamsini na tisa goti likamwambia basi. Camille alidhani siku hiyo ataomboleza, kumbe alirudi nyumbani mwepesi, akaoga kwa maji ya moto, akaketi mlangoni jua likiwa bado juu.

"Unajua," alimwambia Emérence, "ilikuwa bahati tu papa yako kuja uwanjani siku ile."

Emérence alikuwa anakunja nguo. "Bahati gani? Mi ndiye nilienda kwa shangazi amulete."

"Wewe? Ulijua papa amekosea neno?"

"Toka siku ya kwanza. Nilikuwa nyuma ya mulango."

"Na ukanyamaza?"

"Ningesema, angesema ninakutetea. Papa anaamini macho yake tu."

Camille alikumbuka mateso yale yote, ule ukuta uliopinda, na kidogo apandishe hasira. "Na mi nilikuwa tayari kuacha mupira sababu yako! Ungeniambia hata miye!"

"Nilisikia kama unaacha. Ile siku ndiyo nilikimbia kwa shangazi." Emérence aliweka nguo chini. "Mi nilikubali kuolewa na wewe, Camille. Yule mwingine, wa kushinda nyumbani dimanshe amenuna, nilikuwa simujue."