Mdomo wa Fundi Makochi

Ukipita kwenye karakana ya fundi makochi ukamsalimia, usitegemee jibu la haraka. Mdomo wake huwa umejaa misumari. Ameihifadhi shavuni, anaisukuma kwa ulimi mmoja mmoja hadi midomoni, anauchukua, anagonga, na mkono wa kushoto haujakiachia kitambaa. Mtaa mzima unamwita Bwana Misumari. Wenye mizaha husema ndiyo sababu hakuoa tena alipofiwa na mkewe: mwanamke gani atagombana na mtu asiyejibu?

Mkewe alimwachia binti ambaye hata meno hajaota. Mtoto akalelewa juu ya mabunda ya sponji. Alipoanza kula, fundi alikuwa akiitema misumari kwenye kopo, anatafuna mkate na nyama mpaka vilainike, anamtilia mwanawe mdomoni, kisha anarudi kazini. Majirani walimsifu. "Huyu ni baba, na mama ndani yake," walisema, na hawakukosea. Binti alipokua alishika nyundo, naye akajaza misumari shavuni, wote wawili wakichota na kurudisha kwenye kopo lile lile.

Walishiriki hata maumivu. Waliyaita tumbo la ukoo, wakayafanyia utani.

"Baba, lako limeamka?"

"Limeamka, mama. Na lako?"

"Langu halikulala."

Siku moja zahanati ilimpa fundi dozi ya vidonda vya tumbo. Alifika nayo akamkuta binti amejikunja kwenye kochi la mteja. Akafanya kile alichokifanya maisha yake yote: akaigawa katikati. Wote wawili wakapata nafuu. Fundi akajiona mjanja kuliko daktari.

Nafuu ile haikudumu. Juzi binti alianguka karakanani, kitambaa cha watu mkononi, akatapika damu nyeusi.

Hospitalini, daktari wa tumbo, mama wa makamo asiye na haraka, alimweka fundi kitini.

"Mzee wangu, tumboni mwa bintiyo kuna bakteria. Tumbo lina asidi kali, lakini wao hujichimbia chini ya ule ute unaolifunika kwa ndani. Wakishafika hapo wanatoa sumu. Sumu inatoboa seli za tumbo, zinavimba, zinavuja, na kinachovuja ndicho wanachokula. Askari wa mwili wakija kuwafukuza, sumu hiyo hiyo inawalegeza. Ndivyo wanavyojipatia makazi. Wengi tunaishi nao wala hatujui. Wengine wanapata kidonda, kama huyu."

"Kama panya ndani ya kochi," fundi alisema. Hilo alilijua vizuri. Kitambaa kinang'aa, wageni wanakalia na kusifu, kumbe ndani sponji imeshakuwa unga. Tiba yake ni kuchana kitambaa, kutupa vyote na kuanza upya na fremu.

"Hasa. Ila mtu hatumchani tukambadilishia sponji. Hawa huuawa kwa dawa, na vipimo vinaonyesha wa kwake wameshazizoea dawa tulizonazo. Aliwahi kumeza dozi bila kuimaliza?"

Fundi alipapasa shavu kwa ulimi. Hakukuwa na msumari hata mmoja wa kumzuia kujibu.

"Nilimpa mimi," alisema. "Ilikuwa yangu. Tuligawana."

Daktari hakumfokea, na afadhali angemfokea. Alisema ipo dawa nyingine, imeagizwa, ila hajui itafika lini wala kama itafaa. Kwa sasa wanahangaika na damu tu.

"Mimi nifanye nini, daktari?"

"Usubiri, mzee wangu."

Mtu aliyezoea kutengeneza kila kilichovunjika, leo ameambiwa asubiri. Fundi aliiangalia mikono yake, akaona aibu kuwa nayo.

"Na hao bakteria waliingiaje?"

"Mara nyingi utotoni. Nyumbani humo humo, mdomo kwa mdomo. Ndiyo maana nakuuliza, kwenu kuna mtoto mdogo?"

Yupo. Ni mjukuu, mtoto wa huyo binti, ambaye fundi humwita Mzee Mwenzangu kwa kuwa wote wawili wana meno ya kuhesabu. Fundi aliingiwa na hofu, akajipoza kwamba binti ni mtu wa kisasa, kanunua kijiko cha plastiki chenye picha ya sungura.

"Yupo. Nitamuuliza mama yake anavyomlisha," alisema.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Kesho yake fundi alimbeba wake hadi wodini, na mkate kwenye mfuko. Binti hakuwa amesikia neno la daktari. Wakati ule alikuwa hajitambui. Sasa alikuwa macho, midomo imekauka, chupa ya damu ikimdondokea taratibu. Alipomwona mwanawe akachangamka.

Fundi alizunguka mbuyu kwanza, akauliza usingizi, akauliza shuka. Mwishowe akasema, "Mama, huyu Mzee Mwenzangu unamlishaje? Kile kijiko cha sungura kinamfaa?"

Binti alicheka, akashika tumbo. "Kijiko ni cha kuchezea hicho. Namlisha kama ulivyonilisha wewe, Baba. Natafuna kwanza. Si unaona alivyonenepa?" Akaupapasa mkono wa baba yake. "Leo mtafunie wewe, mie sina nguvu."

Fundi alitaka kusema. Alimtazama, akaitazama ile chupa, na moyo ukamshinda.

"Naona, mama," alisema. "Kanenepa kweli."

Akaukata mkate kwa vidole, vipande vidogo vidogo, akavipanga kiganjani. Mtoto hakuvitupia jicho. Alipanda pajani kwa babu yake, akaachama, akawa anautazama mdomo wake.