Tyubu kwenye Beseni

Fundi pancha wa Uyole amezamisha tyubu yangu kwenye beseni, na harufu ya ule mpira imenipeleka Ziwa Nyasa. Mkuki wa baba wa kuvulia samaki ulirushwa kwa mpira kama huo. Alizama nao kwenye maji ya vuguvugu, akatuacha mtumbwini mimi na shangazi, dada yake.

"Usipige kelele, mwanangu, utafukuza samaki," shangazi alininong'oneza.

Mapovu yakapanda, yakapungua, yakakoma. Nikabana midomo. Kucha za shangazi zilikuwa zinaingia mkononi mwangu. Halafu akasimama, mtumbwi ukayumba, akaanza kumwita kaka yake kwa sauti yake yote.

"Hakuna mapovu, dada," anasema fundi. "Tyubu yako nzima."

Namwomba aizamishe tena.